Naomba ushauri: Squid ya zamani, nizime Digest au nipandishe toleo?

Wakuu, naombeni msaada. Nimekabidhiwa seva ya proksi (inayopitisha maombi ya intaneti kwa niaba ya watumiaji) yenye programu ya Squid 5.7 iliyojengwa kwa mkono kutoka kwenye msimbo, maana yake haipati masasisho yenyewe, na tangu juzi silali vizuri. Nilifungua access.log (logi ya maombi yote) nikakuta mistari kibao ya CONNECT, yaani maombi ya kufunguliwa njia hadi seva nyingine, kwenda poti 25 ya barua pepe, saa nane usiku, kutoka anwani za IP ambazo si zetu kabisa. Yaani watu wanapitisha barua taka kwa jina letu!

Kuangalia squid.conf (faili la mipangilio), "http_access allow all" (ruhusu kila mtu) imekaa juu kabisa. Squid husoma kanuni kuanzia juu na kuishia kwenye ya kwanza inayolingana, kwa hiyo makatazo yote ya chini, hata lile la Safe_ports (linalozuia poti zisizo kwenye orodha salama), yalikuwa pambo tu. Nimeifuta, nimeruhusu mtandao wa ndani pekee, na poti 3128, ya Squid yenyewe, nimeizuia kwa nje kwenye ukuta wa moto. Logi imetulia.

Kinachonitesa sasa ni CVE-2023-46847, udhaifu wa usalama wa Squid. Mshambuliaji anaweza kuandika data nje ya mipaka ya kumbukumbu kupitia uthibitishaji wa Digest (njia ya kuhakiki jina na nywila ya mtumiaji), na sisi tunatumia Digest hiyohiyo. Kiraka kimo kwenye 6.4.

Waliowahi kuhama kutoka 5 kwenda 6: nizime Digest leo hii, watumiaji wakwame kwa muda, au nipandishe toleo moja kwa moja? Na kache ya zamani niifute kwanza?