Dodoma tunauziwa "toleo jipya" la Zawose lenye ilimba isiyovuma. Nimechoka!

Wakuu, nina hasira na leo sitafuni maneno.

Jumamosi niliingia duka moja la nyimbo mitaa ya Majengo. Kijana akaniambia anazo albamu mpya na za zamani zilizotolewa upya, "sauti imesafishwa kabisa, kaka". Nikatoa elfu kumi na tano, akanijazia flashi: Chibite ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, ya 1996, Maisha ya The Zawose Queens ya 2024, pamoja na dansi la Mbaraka Mwinshehe na Remmy Ongala. Zawadi ya baba yangu, mtu wa Mvumi. Macho yameshamchosha, masikio bado mazima.

Remmy analia vizuri, hapo sina ugomvi. Kwa Mbaraka kuna DJ anataja jina lake juu ya gitaa, na gitaa likianza tu kunoga wimbo unakatwa. Maisha nimepewa nyimbo nne, hazina hata majina, namba tu.

Chibite ndiyo iliyoniuma. Ilimba yetu sisi Wagogo, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ina tundu kwenye ubao, na fundi hubandika hapo utando wa buibui ili kila chuma kikiguswa sauti ivume. Ule mvumo ndio ilimba yenyewe! Sasa kuna mtu kakaa na kompyuta yake, kausikia, kadhani ni uchafu wa kanda, kaufuta. Kilichobaki ni kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria tupu. Baba alisikiliza nyimbo mbili kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu anapiga nini?" Baba aliyecheza ngoma za mavuno ujana wake wote! Nilizima redio.

Hukwe ni mtoto wa huku huku Ugogoni, Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam. Kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza walipotoa Chibite waliuacha mvumo mzima, ukisikiliza nakala halisi unausikia mpaka kifuani. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, hao ndio The Zawose Queens, wanaupeleka muziki huu duniani, halafu hapa nyumbani tunauziwa mabaki!

Nimerudi dukani. Jibu: "Flashi ikishatoka haturudishi, na mbona nyimbo zinapiga?" Zinapiga! Eti hicho ndicho kipimo.

Mwenye kujua wapi hapa Dodoma napata CD halisi, au hata mafaili ambayo hayajachezewa, aseme, nitalipa hata mara tatu. Na wewe uliyeniuzia, najua humu unapita: nataka elfu kumi na tano yangu, na hiyo Chibite uifute kwenye kompyuta yako kabla hujamuuzia mzee mwingine.