MJADALA: Asilimia 2 ya Pato la Taifa kwa utafiti iko kwenye sheria tangu 2013. Mbona pesa za CDF (mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge) hufika na hizi hazifiki?

Wadau, hamjambo. Nina hoja, na mnaweza kunipinga mnavyotaka.

Mwaka 2013 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Humo uliundwa Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, na ikaandikwa kwamba kila mwaka wa fedha serikali itautengea asilimia 2 ya Pato la Taifa. Hiyo si ahadi ya jukwaani, ni sheria, na haijawahi kutimizwa hata mwaka mmoja.

Sasa tazameni CDF. Ilianza 2003, nayo pia ina asilimia yake, 2.5 ya mapato ya serikali. Ikichelewa tu, waheshimiwa wanatishia kususia vikao, waziri anaitwa ajieleze, na pesa zinatafutwa zinapatikana. Nani amewahi kusikia mbunge akisusia kikao kwa ajili ya utafiti? Darasa jipya la CDF lina ubao ukutani wenye jina la mheshimiwa. Mbegu ya mahindi inayostahimili ukame huchukua miaka na miaka kutoka maabara hadi shambani, na kufikia hapo mheshimiwa ameshastaafishwa na wapiga kura.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wabunge wetu hawaelewi sayansi. Wanaelewa vizuri sana. Hakuna anayewabana tu.

Aliyewahi kukaa karibu na maabara ya chuo cha umma anajua mambo yanavyokwenda. Ruzuku imeidhinishwa ya miaka mitatu. Awamu ya kwanza imefika, kemikali zimenunuliwa, ziko kwenye jokofu. Awamu ya pili inakawia. Kemikali zinapita tarehe, mwanafunzi wa uzamili anaenda kufundisha shule ya kibinafsi, na sampuli zilizokusanywa kwa jasho zinabaki na lebo zinazobanduka.

Na tukumbuke Olkaria, kule tunakozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini. Uchunguzi wa mvuke ulianza miaka mingi kabla ya mtambo wa kwanza, wa megawati 15, kuwashwa mwaka 1981. Unachimba kisima hadi kilomita tatu chini, na huenda usipate kitu. Benki gani ingekopesha hapo? Leo mvuke unatupa kama asilimia 40 ya umeme wetu.

MCHANGIAJI 1: Ndugu, umepiga hesabu kweli? Pato la Taifa mwaka 2023 lilikuwa kama shilingi trilioni 15. Asilimia 2 ni bilioni 300! Kaunti zote 47 ziligawiwa bilioni 385 mwaka wa fedha 2023/24. Unataka tufunge hospitali ngapi?

MCHANGIAJI 2: Mimi sioni shida. Wafadhili wanalipia utafiti, tuwaache walipe. Pesa ni pesa.

MWANZISHA MADA: Mchangiaji 1, hapo umenishika, ila hesabu yako inanisaidia. Waliopitisha 2013 walikuwa na kikokotoo pia. Waliandika kiasi ambacho kila mtu alijua hakitatoka, wakapigiwa makofi, na Hazina Kuu ikapata kisingizio cha kudumu: ukishindwa kutoa bilioni 300, kutoa kidogo kunaonekana ni hisani. Ningependa iandikwe nusu asilimia ya mapato ya serikali kuu, itolewe kila miezi mitatu, na isipotolewa waziri afike mbele ya Kamati ya Bajeti kama anavyofika kwa CDF.

Mchangiaji 2, anayelipa ndiye anayechagua swali. Mwaka 2010, karibu nusu ya fedha za utafiti nchini zilitoka nje. Magonjwa yanayowahusu wao pia yanapata pesa, na hilo nashukuru. Lakini muhogo wa Kilifi unaooza kabla ya kufika sokoni, nani wa Ulaya atakosa usingizi kwa ajili yake?

MCHANGIAJI 1: Nusu asilimia naweza kuimeza. Lakini mfuko mwingine wa asilimia ni kamba nyingine kwenye mikono ya Hazina. Mwaka wa mafuriko utafanyaje?

MWANZISHA MADA: Swali zuri. Lakini kama mwaka wa mafuriko CDF haiguswi, kwa nini utafiti uwe wa kwanza kukatwa? Anayetetea hilo na aje hapa aandike.