Saa ya mita 11,000: kuna mkono wa nani huko chini?

kasa_wa_bamburi:
Wadau, salaam. Hapa Mombasa tukizamia MV Dania, ile meli iliyozamishwa, mchanga uko mita kama 30 tu. Mzamiaji wa starehe mwisho wake ni 40. Sasa Rolex mwaka 2022 wakatoa saa ya Deepsea Challenge ya mita 11,000, Omega nao Ultra Deep ya 6,000. Za nani? Na ile vali ya heliamu, kitundu cha kutolea gesi ubavuni mwa saa, yanihusu nini?

fundi_makadara:
Huko hakuna mkono wa mtu, shekhe. Ahmed Gabr wa Misri alishuka na mitungi hadi mita 332 mwaka 2014, na hiyo ikawa rekodi. Saa za kina kile hufungwa nje ya chombo: 1960 nje ya Trieste, chombo cha kuzamia kina kirefu, 2012 kwenye mkono wa chuma wa chombo cha James Cameron, mtengeneza filamu.

Kinachouzwa ni ganda. Piga hesabu: kila mita 10 zaongeza presha ya karibu baa 1 (kama kilo moja kwa kila sentimita mraba), kwa hivyo mita 11,000 ni kama baa 1,100. Kioo cha kipenyo cha sentimita 3 hapo chabeba karibu tani 8! Ndiyo sababu kioo cha Deepsea Challenge kina unene wa milimita 9.5, na saa yenyewe upana wa milimita 50. Kuipitisha chini ya mkono wa kanzu ni shughuli. Kazi ya kuhesabu dakika chini ya maji siku hizi ni ya kompyuta ya kuzamia. Kampuni zimebakiwa na ubingwa wa kutangazia, na saa ya mita 300 yauzika kwa jina la kakake.

nahodha_mstaafu:
Vali haikuhusu. Ni ya wanaofanya kazi kwenye visima vya mafuta baharini, wanaolala siku nyingi katika chumba cha presha wakivuta heliamu. Gesi hiyo hupenya raba za kuzibia saa polepole. Presha ya chumba ikishushwa, iliyo ndani ya saa haiwahi kutoka, kioo kikafyatuka. Kwako wewe ni tundu la ziada linalotaka raba yake.

kasa_wa_bamburi:
Basi ya mita 200 yatosha? Mbona nyingine zaingia ukungu?

fundi_makadara:
Yatosha na kubaki, ikiwa ina alama ya ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia: hiyo hupimwa kwa asilimia 125 ya kina kilichoandikwa, yaani baa 25. Zinazoingia maji, mara nyingi kifundo cha kutilia majira hakikukazwa, au betri ilibadilishwa raba ikarudishwa ileile kuukuu. Mfuniko ukifunguliwa, dai raba mpya, silikoni kidogo, na kipimo cha presha. Ukitoka baharini suuza kwa maji ya bomba, kifundo kimekazwa, huku ukizungusha pete ya juu. Chumvi ikikauka pale, pete yakwama.

Kujua kama ndani mna unyevu: pasha saa joto hadi digrii 40 hivi, tia tone la maji baridi juu ya kioo, ngoja dakika moja, pangusa. Ukungu ukibaki upande wa ndani, usizamie nayo.