Tupeane uzoefu: hitilafu za umeme kwenye magari ya zamani ya EFI

Mwenye Carina (mleta mada)
Wakuu salaam. Naomba leo tuongelee hizi gari zetu za EFI (mafuta yanapulizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta) za miaka ya 90, zile ambazo mashine za kupimia za siku hizi hazina pa kuchomeka. Mwenye kisa akiweke: dalili ilikuwa nini, ulipima wapi, ulikuta nini. Naanza mimi.

Carina ya 1995, injini 5A-FE. Asubuhi linawaka vizuri. Likishapata moto linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, na plagi ukizifungua ni nyeusi tii. Taa ya injini haikuwaka hata siku moja. Nikabadili plagi. Nikaambiwa ni sensa ya oksijeni, nikanunua ya mtumba Ilala. Nozeli zikaoshwa. Hali ikabaki ileile na pesa inatoka.

Akaja mzee mmoja fundi umeme na mita yake ndogo. Akaacha injini ipate moto mpaka feni ikazunguka, akazima, akachomoa soketi ya sensa ya joto la maji, ile ya waya mbili, akapima ukinzani wa sensa yenyewe: omu 300. Akasema sensa nzima, maana ikiwa baridi husoma omu 2,000 hadi 3,000, na kadiri inavyopata moto inashuka. Akarudisha soketi, akaingia ndani, akachomoa soketi ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) akapima waya zilezile kutokea kule: omu 2,600! Yaani injini iko kwenye nyuzi 80 na kitu, boksi linaambiwa ni 20, basi linamwaga mafuta ya asubuhi mchana kutwa. Na taa haiwaki kwa sababu kwa boksi 2,600 ni jibu la kawaida kabisa.

Tulipoichungulia soketi ya sensa kwa tochi, pini moja ilikuwa na unga wa kijani. Nilikuwa naosha injini kwa maji ya presha kila mwezi. Tukaweka soketi nyingine ya mtumba, kazi ikaisha siku hiyohiyo.

mamaNuru
Pole mkuu, umenikumbusha mbali. Langu la 1998 lilikuwa linagoma saa saba mchana likiwa limeegeshwa juani. Jioni linawaka kama halijawahi kuumwa. Gereji ya kwanza wakabadili pampu ya mafuta, ya pili wakabadili tena pampu.

Mdogo wangu ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Kwa gari langu, ukiweka swichi ON pampu huvuma kama sekunde mbili halafu inanyamaza. Siku likigoma, kimya. Akachomoa rilei kubwa (swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye pampu) iliyo chini ya dashibodi, akaifungua ganda, tukaiangalia kwa lenzi: kuzunguka mguu mmoja, lehemu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, duara kamili. Joto likipanda unaachana, likishuka unagusana. Akapitisha pasi ya lehemu kwenye miguu yote. Huu mwaka wa tatu.

Fundi Mtaa wa Pili
Dada kisa chako ni kizuri, ila niongeze jambo kwa wenye Toyota. Nyingi za zamani pampu haivumi ukiweka ON, inasubiri injini izungushwe. Usiihukumu kwa ukimya huo. Kwenye kile kiboksi cha plastiki ndani ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, weka ON, pampu lazima ivume. Angalia sana maandishi kwenye kifuniko. Ukiigusisha +B na E1 umepiga shoti.

Hapohapo ukiunganisha TE1 na E1, taa ya injini inahesabu namba ya kosa. Ikimeta mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Namba 22 ni joto la maji, 41 ni sensa ya throto, 14 ni ishara ya moto wa plagi. Nawasihi: 22 haisemi "nunua sensa". Inasema njia nzima ya sensa hiyo ina shida, waya na soketi vikiwemo. Na tafadhali, testa ya balbu isiguse waya za sensa. Zile ni za volti 5, tumia mita.

Baharini_Msa
Mimi niko Mombasa, na huku chumvi haimwachi mtu. Langu lilifunguliwa injini, likarudi na vituko: ukiwasha taa kubwa sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, ukiwasha feni linataka kuzima. Nikashika mita, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, mtu akapiga stata. Ikasoma volti 0.9, wakati haitakiwi kuvuka 0.2. Waya wa ethi wa injini (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu. Nilipiga msasa, nikafunga upya, ikasoma 0.05.

KijanaWaIgoma
Wakuu, Corona yangu inasumbua kuwaka asubuhi tu, na imetoa hiyo 22. Nimeshatenga pesa ya sensa.

Fundi Mtaa wa Pili
Subiri kwanza. Boksi likikosa kabisa habari za sensa hiyo linajifanya injini ina nyuzi 80, ndiyo maana asubuhi linanyimwa mafuta. Chomoa soketi ya sensa, weka ON, pima kati ya pini mbili za soketi hiyo, upande wa waya. Ukipata volti 5, waya ziko sawa.

KijanaWaIgoma
Nimepima, sifuri. Nikaufuata waya kwa vidole hadi unapopita nyuma ya kibati cha injini. Ganda zima, lakini ukiuvuta unarefuka kama mpira: shaba imekatika ndani. Nimeunga, nimelehemu, nimechomoa fyuzi ya EFI kama dakika moja ili kufuta namba. Asubuhi hii limewaka mara moja, na 22 haijarudi.