Mlango mmoja na boneti, miezi minne sasa: nani anatengeneza bodi za magari ya umeme hapa Mbeya?

Wakuu, salamu.

Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba radhi mapema kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo kabisa siku lilipoanza. Jumamosi moja ya mwezi Februari, nikitoka Mafiati kuelekea Kabwe, bajaji ilichomoka kutoka barabara ya pembeni ikanigonga pembe ya mbele upande wa kushoto. Hakuna aliyeumia. Boneti ilikunjamana, bampa likapasuka, kifuniko cha tundu la chaji kikavunjika, na mlango wa abiria wa mbele ukabonyea kiasi cha sahani ya chakula. Bima ya bajaji ilikuwa imekwisha tangu Januari, na kijana mwenyewe hakuwa na kitu, kwa hiyo sikumsumbua.

Gari langu ni Nissan Leaf ya mwaka 2014, toleo la kwanza, mtumba kutoka Japani. Ninaishi Uyole na kazi yangu ni ya ualimu mjini, hivyo mwendo wangu wa kila siku ni mfupi, ninachaji nyumbani usiku, na tangu nilinunue sijawahi kujuta upande wa mafuta. Kabla yake nilikuwa na Toyota IST ambayo iliwahi kugongwa karibu vilevile. Niliipeleka gereji Alhamisi, nikaichukua Jumamosi, nikalipa shilingi 220,000, rangi ikiwemo. Ninaitaja bei hiyo ili msomaji aelewe nilikuwa na matarajio gani nilipoanza safari hii ya pili.

Gereji ya kwanza haikuniuliza hata swali. Fundi wa bodi, mtu mzima mwenye mkono mzuri ninayemfahamu kwa miaka mingi, aliwasha gesi, akashika nyundo na kitako chake, kile kipande cha chuma cha kukingia kwa nyuma, akaanza kuunyoosha mlango kama anavyonyoosha milango yote. Nilikuwa nimesimama pembeni. Chuma kikipashwa moto hukupa taarifa, kwa kuwa huanza kuwa chekundu, na fundi mzoefu anajua rangi ile ina maana gani. Mlango huu haukubadilika rangi hata kidogo. Ulikaa vilevile, mweupe, kisha ghafla sehemu yenye ukubwa wa kiganja ikalegea na kudidimia kwa ndani kama mafuta ya mgando yaliyoachwa juani, na pembeni yake ukatokea ufa. Fundi alizima gesi. Akaenda kwenye kopo lake la skrubu, akarudi na sumaku ya spika kuukuu ya redio, akaiweka kwenye mlango. Ikaanguka chini. Akaiokota na kuiweka kwenye nguzo ya mlango, ikashika. Akaiweka tena kwenye mlango, ikaanguka. Akanitazama akasema, "Ndaga, mwalimu. Hili si bati, hii ni sufuria."

Alikuwa sahihi. Boneti na milango ya Leaf ya toleo la kwanza ni ya alumini, ambayo Nissan waliitumia ili kupunguza uzito. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, chini ya nusu ya zile zinazoyeyusha chuma, nayo haikuonyi kwa rangi. Ukiigonga sana inakuwa ngumu na kupasuka. Ukiitaka irudi mahali pake inahitaji joto dogo linalopimwa, na kama kuna ufa, inahitaji mashine ya kuchomelea yenye gesi ya agoni na waya wa alumini. Zaidi ya hapo, nyundo, brashi na msasa uliokwisha kutumika kwenye chuma haupaswi kuigusa, kwa sababu chembe za chuma zinazobaki humo huanzisha kutu nyeupe chini ya rangi mara unyevu unapoingia, na ninyi mnaijua mvua ya Mbeya. Simlaumu fundi. Hakuna aliyemfundisha, na mimi mwenye gari sikujua ni nini nimekipaki mbele yake. Kitabu cha gari ninacho, kinene kweli, chote Kijapani.

Nikampa muda ajaribu puti, ule uji mzito wa kujazia mabonyeo kabla ya rangi. Ilishika wiki mbili, kisha matuta ya hii barabara yetu yakaibandua kipande kizima, nikakikuta sakafuni kwa ndani.

Hapo ndipo malalamiko yangu halisi yanapoanzia, kwa sababu hadi hapo tatizo lilikuwa la ujuzi, na ujuzi unatafutwa. Nilikwenda gereji nne nyingine kati ya Mwanjelwa na Iyunga. Mbili zilinifukuza getini. Moja iliniambia kwamba gari likiingizwa kwenye chumba cha rangi litalipuka na kuteketeza magari ya watu. Ya nne ilikubali, kwa sharti kwamba betri ishushwe kwanza, ikawekwe nje ya uzio, kazi ikiisha irudishwe, na kwa shughuli hiyo peke yake wakataka shilingi milioni 1.8. Betri ya gari hili ina uzito wa karibu kilo 300. Nilipouliza watainyanyua kwa kifaa gani, nilioneshwa jeki mbili na vijana wanne.

Wakuu, naomba tufikiri kwa utulivu. Betri ya Leaf imelala chini ya sakafu, katikati ya gari. Mlango umefungwa kwenye bawaba kwa bolti. Boneti nayo imefungwa kwa bolti. Fundi akizifungua, zinatoka zikiwa zimetengana kabisa na gari, zinalazwa juu ya meza, zinanyooshwa, zinapigwa rangi, zinaingia kwenye chumba cha joto peke yake, na gari lenyewe linabaki limepaki uani bila kuguswa na moto wowote. Ni kweli Nissan wenyewe wanaonya kwamba gari lisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 49 kwa zaidi ya saa 24, kwa sababu betri itachoka. Lakini mlango hauna betri! Ni kweli pia kwamba umeme uliomo, unaofika volti 360 hivi, unaua, na ndiyo maana nyaya zake zimevikwa rangi ya machungwa ili mtu asizikosee. Anayetaka kufanya kazi karibu nazo anazima gari, anaondoa betri ndogo ya volti 12, anavaa glavu za mpira za kuzuia umeme, anachomoa plagi ya usalama iliyoko chini ya zulia mbele ya kiti cha nyuma, kisha anasubiri angalau dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye mitambo uishe. Utaratibu huo unajulikana na unafundishika kwa siku chache. Mimi ninatozwa milioni 1.8 kwa sababu haujulikani hapa, na fedha hiyo ni bei ya woga, haina spea wala jasho ndani yake.

Nikasema, kumbe nina bima kubwa, ile inayolipia hata gari langu mwenyewe, ya nini kuhangaika. Kampuni yenyewe sitaitaja. Mkadiriaji hakuja Mbeya. Aliomba picha kwa simu, nikamtumia 23. Baada ya wiki tano yakaja makadirio ya shilingi milioni 11.4, ambamo milioni 5.2 zimeandikwa "kushusha, kukagua na kurudisha betri", na milioni 2.3 ni za lori la kulibeba gari hadi Dar es Salaam. Ukitoa hivyo viwili, spea, rangi na kazi ya fundi havifiki milioni 4. Kisha, kwa kuwa jumla hiyo imepita nusu ya thamani ya gari waliyoikatia bima, yaani milioni 17, wakapendekeza gari lihesabiwe kuwa limeharibika lote, nilipwe kilichobaki baada ya makato yao, na wao walichukue. Gari ninaloendesha kila siku kwenda kazini! Limehukumiwa kifo kwa ajili ya mlango.

Nilijaribu kuwathibitishia kwamba betri haikudhurika kwenye ajali. Nina kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu kwenye simu inayosoma jozi 96 za seli za betri hiyo moja baada ya nyingine. Kabla ya ajali tofauti kati ya jozi yenye volti ya juu na yenye volti ya chini ilikuwa milivolti 16. Baada ya ajali, 17, yaani karibu vilevile. Niliwatumia picha za vipimo vyote viwili vikiwa na tarehe. Jibu lililorudi lilikuwa la mstari mmoja: utaratibu wa kampuni hautambui vipimo vya mteja. Nikauliza ni fundi gani anayetambuliwa na utaratibu huo katika Nyanda za Juu Kusini nzima, kuanzia Iringa, Njombe, Mbeya hadi Tunduma. Swali hilo halijajibiwa mpaka leo.

Suala la lori nalo lina mantiki yake, siwezi kulikataa. Kwa betri iliyochoka kama yangu sifiki hata Makambako kwa chaji moja, na gari hili halivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu yakizunguka yanaizungusha mota nayo inazalisha umeme. Kwa hiyo linabebwa lote juu ya lori, zaidi ya kilomita 800, kushuka mlima Kitonga na kurudi tena, kwa kazi ya mlango unaoweza kufungashwa peke yake kwenye boksi na kupakiwa kwenye basi.

Najua wapo watakaosema haya ni matatizo ya dunia nzima. Ni kweli kwa sehemu. Uingereza, taasisi ya utafiti ya Thatcham Research ilieleza mwaka 2023 kwamba madai ya bima ya magari ya umeme yanagharimu karibu asilimia 25 zaidi kuliko ya magari ya mafuta. Marekani, mwaka huohuo, mmiliki wa Rivian R1T aliyegongwa nyuma kidogo tu aliandikiwa bili ya dola zipatazo 42,000, kwa kuwa ubavu wa nyuma wa gari lile umetengenezwa kipande kimoja kinachopanda hadi kwenye nguzo za paa, na huwezi kugusa mwisho wake bila kufungua mwanzo wake. Hayo ni magari yaliyobuniwa hivyo. Langu halikubuniwa hivyo. Langu lina bolti, na spana ya kuzifungua iko kila gereji ya Mwanjelwa.

Wanaotuuzia magari haya hutueleza kilomita kwa chaji, bei ya uniti za umeme, na kwamba hutabadilisha oili tena maishani. Sijamsikia hata mmoja akimwambia mteja kwamba milango ni ya alumini, au kwamba tundu la chaji limewekwa puani pa gari, mahali hasa panapogongwa kwanza, hivyo kugongwa kwa bampa kunaweza kukunyima chaji. Mimi nilinusurika kwa kifuniko tu. Kwa sasa nimekifunga kwa mfuko wa plastiki na mpira wa ndani wa baiskeli, na kila jioni ninafuta unyevu kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomeka waya. Fundi mmoja alijitolea kupaziba kwa silikoni. Nilimshukuru nikaondoka.

Kampuni ya bima nimekwisha kuiandikia kukataa pendekezo lao, nikiambatanisha makadirio yangu ya kazi bila kushusha betri. Wasiponijibu kwa maandishi nitapeleka jalada lote kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hamtozi mlalamikaji.

Ninachoomba kwenu ni mambo mawili. Kwanza, kama kuna mtu anayemfahamu fundi wa alumini, hata wa matanki ya maziwa au ya malori ya mafuta, mwenye mashine ya agoni, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, anitajie eneo alipo. Pili, ninatafuta mlango wa mbele kushoto na boneti za Leaf ya toleo la kwanza, rangi yoyote.

Nyongeza, saa tatu usiku: Kuna ndugu ameuliza kwa nini nisichukue hizo fedha za bima nikanunue gari la mafuta. Nimepiga hesabu. Baada ya makato wanayoyataka, zinanirudisha kwenye IST yenye umri wa miaka 18. Mwingine amesema Ilala, Dar es Salaam, kuna mlango wa rangi ya samawati kwa shilingi 450,000, na anaweza kuupandisha kwenye basi la alfajiri. Ndugu, upige kwanza sumaku. Ikianguka, nitumie picha.