Ramani ya kuskani haikai mahali pake: nibaki na QGIS au tununue ArcGIS Pro?

FutiKamba (Jumatatu)
Habari za kazi wakuu. Nina karatasi nne za ramani za zamani, zile za 1:50,000, zimeskaniwa. Nimeziingiza QGIS, ile programu ya ramani ya bure, kila moja nimeipa pointi kumi za kuifunga (mahali kwenye karatasi ambapo koordinati zake zinajulikana), lakini nikiwasha picha ya satelaiti chini yake mto unapita juu ya nyumba za watu. Bosi anasema ndiyo matokeo ya kutumia vya bure, yuko tayari kulipia laisensi ya ArcGIS Pro ya mwaka. Anataka jibu kabla ya Ijumaa kwa sababu bajeti inafungwa. Kuna jamaa ananiambia Global Mapper ni nyepesi zaidi. Ipi inafunga ramani vizuri?

MzeeTheodolaiti
Kijana, umeandika mengi na hujasema kitu. Karatasi za wapi? Datamu gani, yaani msingi upi wa kupimia koordinati? Zoni ipi ya gridi? Imehama mita ngapi, kuelekea wapi? Mlitumia skana au mlipiga picha kwa simu? Mgonjwa haendi kwa daktari akasema "naumwa" halafu akanyamaza.

BintiRamani
Shikamoo Mzee. FutiKamba usiogope, hivyo ndivyo anavyokaribisha wageni 😄 Mimi ni QGIS tangu chuo, na sijaona ramani iliyonishinda kwa sababu ya programu. Ila maswali yake yajibu.

LaisensiKwanza
Mimi nashangaa. Bosi anatoa hela kwa hiari yake, ninyi mnamwambia arudishe mfukoni? ArcGIS Pro inakuonyesha ramani ikihama papo hapo kila ukiongeza pointi, huhitaji kusubiri. Na ina kitufe cha kujifunga yenyewe.

BintiRamani
Hicho kitufe kinalinganisha picha na picha inayofanana nayo. Mpe ramani ya kontua ya miaka ya sitini na picha ya satelaiti ya juzi, uone kitakachokupa.

FutiKamba
Marahaba kwa maswali, Mzee, yaani shikamoo, samahani 🙈 Karatasi ni za Kilosa. Zimehama kaskazini kama mita 300 na magharibi kidogo, labda 90. Zote nne hivyo hivyo. Nilichagua datamu ya WGS 84, gridi ya UTM zoni 37 Kusini, kwa kuwa ndivyo GPS zetu zinavyosoma. Kuskani tulifanyia stesheneri, ile mashine inayovuta karatasi.

MzeeTheodolaiti
Marahaba. Sasa umesema. Tazama ukingo wa chini wa karatasi: utakuta imeandikwa Clarke 1880, yaani umbo la dunia lililotumika, na Arc 1960, datamu ya zamani ya huku kwetu. Hiyo gridi si ya WGS 84. Umechukua namba za Arc 1960 ukaziita WGS 84, lazima ramani iruke kaskazini mita 300 na magharibi 90, na hata ununue programu ya milioni ngapi itaruka hivyo hivyo. Rudia. Wakati wa kufunga chagua Arc 1960 UTM 37 Kusini, namba yake kwenye orodha ya mifumo ya koordinati ni EPSG 21037. Uliyotumia wewe ni 32737. QGIS ikikuuliza njia ya kubadili datamu usibonyeze OK kama anayefukuza inzi. Chagua ile ya Tanzania au ya Kenya na Tanzania kwa pamoja, maana humo kwenye orodha huwa kuna moja isiyobadili chochote, na ukiichukua hiyo umerudi ulikotoka.

Mkasini254
Ninyi mko mbinguni aki. Huku Kenya ramani za viwanja unazipata kwa Cassini, mfumo mwingine wa zamani wa kuchora ramani, tena kwa futi, na Clarke ni ya 1858. Ukimaliza kugeuza futi unakumbuka kila ukanda una meridiani yake. Nani ana faili ya kugeuza anitumie?

MchoraMipaka
Naomba niseme jambo kabla hamjamaliza, maana nimesoma "pointi kumi" nikashtuka. FutiKamba, ulitumia polinomia, inayogeuza karatasi nzima kwa kanuni moja, au spline, inayovuta kila sehemu kivyake?

Naulizia kwa sababu nilishaumwa na nyoka huyu. Tulipewa kazi ya kutafuta visima vya zamani, vile vilivyochorwa kwenye ramani za 1:50,000, ili mradi uone vipi vinafaa kufufuliwa. Ramani zilikuwa na mikunjo, mtu akanishauri nitumie spline kwa kuwa inanyoosha kila kona. Kweli, nikabonyeza, mabaki, yaani tofauti inayobaki kwenye kila pointi, yote sifuri. Nikafurahi kama mjinga. Sikujua kwamba spline inapita juu ya kila pointi uliyoiweka, hata ile ya uongo, kwa hiyo sifuri yake haikuambii lolote. Pointi moja nilikuwa nimekosea kuandika namba yake ya kaskazini kwa kilomita nzima, badala ya 9 246 000 nikaweka 9 247 000. Ingekuwa polinomia ya kwanza, yaani ya daraja la kwanza, ile rahisi kuliko zote, mabaki ya pointi ile yangepiga kelele. Spline ikaivuta ramani kimyakimya kama anayevuta shuka.

Tukaenda na GPS, mimi, dereva na mwenyekiti wa kitongoji. Tumekata mkonge, tumevuka korongo, saa mbili. GPS inasema tumefika, tumesimama katikati ya mahindi. Mama mmoja akatoka na jembe akauliza, "Mnatafuta nini kwenye mahindi yangu?" Tukamweleza. Akacheka, akatuelekeza njia ile ile tuliyotoka nayo. Kisima kilikuwa karibu na tulipoegesha gari, watoto walikuwa pale na madumu ya njano wanachota, na sisi tuliwapita tukawapungia mkono. Mwenyekiti hakusema kitu mpaka tunarudi. Ila hadi leo tukikutana ananiita "fundi satelaiti".

BintiRamani
😂😂 Fundi satelaiti. Ila nitetee spline kidogo: karatasi iliyonywea vibaya polinomia ya kwanza haiiwezi. Dawa ni kuanza na polinomia ya kwanza kusaka pointi mbovu, ukishazisafisha ndiyo uende kwenye spline.

MzeeTheodolaiti
Na mashine za stesheneri huvuta karatasi, upande mmoja unarefuka kuliko mwingine. Polinomia ya kwanza inalibeba hilo, Helmert, ile inayokuza pande zote sawasawa, hailibebi. Kumbukeni pia kuwa ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli moja ya 1:50,000 ni kama mita 4.2 ardhini. Mabaki ya pikseli 2 au 3 sina ugomvi nayo.

LaisensiKwanza
Haya yote ArcGIS Pro nayo inafanya, na kwa starehe.

BintiRamani
Hakuna aliyekataa.

FutiKamba (Jumatano)
Mungu awabariki. 21037 imekubali! Karatasi tatu zimekaa, barabara juu ya barabara. Ya nne bado. Juu iko sawa, chini imepinda kama mita 60, 70 hivi. Hiyo ilichanika kule kusini kwa hiyo misalaba ya gridi haipo, nikaokoteza pointi kwenye satelaiti: mto na kona za reli.

MchoraMipaka
Mto? Wa Kilosa? Mkondoa ule uliovunja kingo mafuriko ya 2009 kuingia 2010 ukaharibu mpaka reli? Huo unautegemea kwa pointi?

MzeeTheodolaiti
Na reli ipi? Siku hizi kule ziko mbili. Ramani yako ina ile ya zamani, ya geji ya mita. Kwenye satelaiti tuta jipya la SGR ndilo linaloonekana kwa urahisi.

FutiKamba
...

FutiKamba
Sina hakika nilibonyeza ipi. Moja ilikuwa imenyooka sana.

Mkasini254
🤣🤣🤣 Hiyo ni SGR, boss.

LaisensiKwanza
Swali la kizushi. Hizi ramani mkishazifunga, mtu akigombana na jirani mpaka wa shamba, zinakubalika?

MzeeTheodolaiti
Unene wa mstari wa nusu milimita hapo ni mita 25. Ukamgawie nani mita 25?

Mkasini254
Huku kwetu hata ramani za usajili wenyewe, zile zilizokuzwa kutoka picha za ndege, mpaka wake ni wa jumla tu, ua ndio husema. Kuna shamba la mjomba wangu ambapo ua nao ulihama usiku...

BintiRamani
Mkasini fungua uzi wako 😄 FutiKamba, ondoa pointi zote za mto, rudi kwenye makutano ya barabara za zamani, au kanisa, kama yapo kwenye ramani na bado yapo. Hata mbili za kusini zinatosha kuishika.

Mkasini254
Na ile faili ya Cassini jamani?

FutiKamba (Alhamisi)
Mrejesho mfupi. Bosi kasema kama tatu zimekaa basi hela ya laisensi inakwenda kwenye matairi ya gari. Sijui nimeshinda au nimeshindwa. Makutano ya barabara nimepata moja tu. Kuna mwenye nakala nzima ya hiyo karatasi ya nne, isiyochanika?

MzeeTheodolaiti
Huenda ninayo. Namba ya karatasi hujaandika.