Waajiri, hatuhitaji keki ya Machi 8, tunahitaji saa zetu mbili za kunyonyesha

Wakuu, salaam. Naandika nina hasira na sitaificha.

Ofisini kwetu kila Machi 8, Siku ya Wanawake, wanawake tunashonewa vitenge vya sare, keki inakatwa, mkurugenzi anapiga picha na sisi. Mwaka huu, mwezi huohuo, mwenzetu aliyetoka likizo ya uzazi kapewa barua ya onyo kwa "kuondoka sehemu ya kazi bila ruhusa". Alikuwa amekwenda kukamua maziwa stoo, katikati ya maboksi ya karatasi, mgongo kauegemeza mlangoni kwa sababu kitasa hakifungi. Chupa anaizungushia kitambaa kibichi na kuificha kwenye mkoba, maana kuna mtu alilalamika kwamba kuiweka kwenye friji ya ofisi ni kinyaa. Maziwa ya mtoto, jamani, kinyaa!

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya hapa kwetu Tanzania, kinamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hiyo ni haki, haiombwi kwa kupiga magoti. Sasa mtu anakaa Chanika, pembezoni mwa Dar, na ofisi iko Posta, katikati ya jiji. Foleni ikikaza Gongo la Mboto, saa mbili zinaishia njiani hata mtoto hajamwona. Basi mwajiri amwache aziunganishe atoke mapema, au ampe chumba kinachofungwa, kiti na friji ndogo. Kenya wameshaliandika hili kwenye Sheria ya Afya ya mwaka 2017: mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Sisi tunasubiri nini?

Kwa sheria yetu likizo ya uzazi ni siku 84, pacha siku 100. Kliniki wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6. Siku 84 hazifiki hata miezi 3, kwa hiyo nusu nzima ya kipindi hicho mama yuko kazini, na kama kazini hakuna pa kukamulia, mtoto anaanzishiwa uji kabla ya wakati. Baba yeye sheria inampa siku zisizopungua 3. Mke akifanyiwa upasuaji, siku 3 zinaisha bado yuko wodini. Hakuna kifungu kinachomkataza bosi kutoa siku 10, anakataa tu kwa kuwa hakuna wa kumuuliza.

Kinachoniumiza mimi zaidi ni kifungu cha 34 cha sheria hiyohiyo. Kinatoa likizo ya siku 4 yenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Mzazi je? Akifariki. Akiugua hayumo. Mama yangu amepata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Lazima ageuzwe kitandani asipate vidonda, alishwe taratibu asipaliwe, apelekwe mazoezi ya viungo. Niliomba kitu kimoja: nibadilishane zamu na mwenzangu, ambaye alikuwa amekubali, ili asubuhi za kliniki niwe naye. Kampuni isingetoa hata shilingi. Mtu wa rasilimali watu akanijibu, "Dada, kila mtu ana mgonjwa. Chukua likizo yako ya mwaka." Nimeichukua, imeishia kwenye mabenchi ya hospitali, na mama bado hajapona. Najua akifariki kampuni hiyohiyo italeta rambirambi na basi la wafanyakazi. Nataka msaada huo sasa, angali ananiona na kunitambua.

Na kuna mchezo wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Tumbo likionekana, mkataba hauhuishwi. Dada zangu, kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba na hata kwa majukumu ya kifamilia, na kifungu cha 36 kinahesabu kutohuishiwa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi kama ulikuwa na matarajio yenye msingi ya kuhuishiwa. Una siku 30 tu kufungua shauri la kuachishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Usizimalize kulia nyumbani, na tunza barua na meseji zote.

Msije kuniambia biashara haina huruma. Huyo mama mwenye barua ya onyo ndiye anayewajua wateja wetu wakubwa kwa majina. Akiondoka, atakayeletwa atafundishwa upya kwa pesa nyingi kuliko bei ya kitasa cha stoo.

Naomba mnisaidie kwa hili: kama kazini kwenu kuna mkataba wa hali bora, yaani ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, wenye kipengele cha kuuguza mzazi, au cha chumba cha kunyonyeshea, wekeni hapa maneno yake kama yalivyo, majina ya kampuni yafuteni. Tawi letu la chama cha wafanyakazi linaingia kwenye majadiliano na menejimenti karibuni, na nimepewa kazi ya kuandika rasimu.